Huru Si Bure Tu: Programu za Kuunganisha Picha na Shule Yetu

Wahenga walinena kuwa rahisi huwa ghali, na tangu hapo kila kitu kinachotolewa bila malipo hutazamwa kwa jicho la wasiwasi. Ukipewa nanasi la bure sokoni Luanda, utaligeuza mara tatu ukitafuta mahali lilipooza. Sikulaumu. Hata mimi ningeligeuza. Lakini, mwanafunzi mwenzangu, nawe mwalimu wangu mpendwa, kuna vitu vinavyotolewa bila pesa ambavyo havijaoza hata kidogo, na ambavyo sisi tunavikataa ilhali tunakimbilia vilivyooza kwelikweli. Miongoni mwa vitu hivyo ni programu huru za kompyuta. Leo nataka nizungumzie aina moja tu ya programu hizo, nazo ni zile za kuunganisha picha nyingi ziwe picha moja pana.

Maoni yangu nayasema mapema ili asiwepo wa kuniuliza baadaye, "Kwani ulitaka kusema nini?" Nasema hivi: shule yetu itumie programu huru, hasa ile iitwayo Hugin, kupiga na kuhifadhi picha pana za Maseno na ziwa letu kila mwaka. Aidha, iache kabisa huu mtindo wa kutumia nakala za programu zilizoibwa. Sababu ninazo, na nitazitoa moja baada ya nyingine.

Kwanza kabisa, hebu tuelewane kuhusu picha pana. Jicho la kamera ni jembamba. Jicho lako wewe unaweza kuligeuza huku na huku, ukaona kilima, barabara, ng'ombe na ziwa. Kamera huona kipande tu. Watu wamelihangaikia jambo hili tangu kabla kamera haijavumbuliwa. Mwaka wa 1787 mchoraji mmoja, Robert Barker, alipewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi inayolindwa na serikali, kwa wazo lake la kuchora mandhari ya pande zote katika duara, mtazamaji akisimama katikati. Mji aliouchora ulikuwa Edinburgh, kule Uskoti. Kutokana na kazi yake likaja neno "panorama", lililoundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya kuona yote. Kamera zilipokuja, wapiga picha walipiga picha kadhaa na kuzibandika ubavu kwa ubavu kwa gundi, na mishono ikawa inaonekana kama viraka kwenye suruali ya shule. Siku hizi kompyuta ndiyo inayoshona, na ikishona vizuri huwezi kuona uzi ulipopita.

Je, jambo hili linatuhusu nini sisi wa Maseno? Linatuhusu sana! Sisi tunakaa juu ya Ikweta. Kwenye barabara ya kutoka Kisumu kwenda Busia pana alama inayoonyesha mstari huo unapopita. Wageni hushuka garini, wakatia mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini, wakapigwa picha, wakaenda zao. Ukiitazama picha ile, unaona nini? Mtu na kibao. Basi! Maseno yenyewe haimo. Lakini ukipanda kilimani penye yale majabali makubwa, ukageuka polepole, utaona upande mmoja Ghuba ya Winam inang'aa kama bati jipya, na upande mwingine vilima vya Bunyore na mashamba yake. Hakuna picha moja ya kawaida inayoweza kubeba yote hayo. Na jambo jingine: mabishano ya mpaka kati ya Kisumu na Vihiga, kwamba Maseno hii ni ya nani, yamesikika kwa miaka mingi. Picha pana iliyopigwa kutoka juu ya jabali haionyeshi mstari wowote wa kaunti, wala haionyeshi mstari wa Ikweta. Inaonyesha watu na mashamba yao, yakiendelea kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kukatika. Mimi nadhani wanafunzi wa pande zote mbili, ambao tunakaa dawati moja, tunafaa kuwa na picha kama hiyo ukutani.

Tuendelee hadi Seme, kwenye barabara ya Bondo, liliko jiwe la Kit Mikayi, jiwe la mke wa kwanza. Aliyefika pale anajua taabu yake. Ukisimama karibu, jiwe linaingia nusu. Ukirudi nyuma, linakuwa dogo na miti inalifunika. Programu ya kuunganisha picha hailazimiki kuunganisha kutoka kushoto kwenda kulia tu. Unaweza kupiga safu ya chini, safu ya katikati na safu ya juu, nayo ikaziunganisha zote kama tofali juu ya tofali, jiwe zima likasimama mbele yako.

Sababu iliyo kubwa kupita zote ni ziwa. Ziwa letu halitulii. Gugu maji limekuwa likielea ndani yake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Leo utakuta ghuba ya Kisumu ni ya kijani kama uwanja wa mpira, mashua zimekwama, wavuvi wa mbuta na ngege wamekaa ufuoni mikono mashavuni. Wiki chache baadaye upepo umegeuka na maji yameonekana tena. Mwaka wa 2020 maji yalipanda mno, yakaingia katika majengo ya ufuoni, kule Dunga na kwingineko. Wazee husema kwamba yalipanda namna hiyo pia miaka ya sitini. Ukiwauliza, "Yalifika wapi hasa, mzee?" kila mmoja ananyoosha kidole mahali pake. Yule anasema kwenye mtini, huyu anasema kanisani. Hawasemi uongo, ni kwamba hakuna aliyeweka picha. Je, na sisi tukiwa wazee tutanyoosha vidole vivyo hivyo? Tukiwa na picha pana moja kila mwaka, iliyopigwa kutoka jabali lile lile, mwezi ule ule, mjukuu hataambiwa hadithi, atatazama mwenyewe.

Sasa tuone kazi yenyewe inavyofanyika, maana wengi wanadhani ni uchawi au ni kazi ya wenye digrii. La hasha! Fikiria fundi wa cherehani anayeunga vipande viwili vya kitenge chenye maua. Fundi mbovu huunga tu, ua likawa nusu huku na nusu kule. Fundi hodari hutafuta ua lililo kwenye vipande vyote viwili, akalilaza moja juu ya jingine, ndipo akashona. Programu hufanya vivyo hivyo. Inatafuta vitu vinavyoonekana katika picha mbili zinazofuatana, mathalan pembe ya paa, ncha ya jiwe au tawi la mti, nayo inavitia nukta. Nukta zikishapatikana, inapiga hesabu kujua kamera ilikuwa imeelekea wapi kila picha ilipopigwa. Kisha inazikunja picha kidogo ili zikae sawa, na mwisho inaufifisha mshono ili weupe wa picha hii uingie taratibu katika weusi wa picha ile.

Ili programu ipate vitu hivyo vya pamoja, ni lazima picha zilaliane, jinsi mabati yanavyolaliana paani. Bati likigusana tu na mwenzake ubavuni, mvua itaingia. Lazima moja lipande juu ya jingine. Vivyo hivyo, acha karibu thuluthi moja ya kila picha irudiwe katika picha inayofuata. Hapa hesabu za darasani zinatufaa. Tuseme kamera yako inaona nyuzi 60. Ukiacha nyuzi 20 zirudiwe, kila picha inakuletea nyuzi 40 mpya. Duara zima ni nyuzi 360. Gawanya kwa 40, upate picha 9. Kwa picha tisa tu umeizunguka dunia yako yote ukiwa umesimama mahali pamoja!

Kuna jambo linalowaangusha wengi. Wao huzungusha mwili huku wamenyoosha mkono, kamera nayo ikawa inatembea hewani kama mwezi ukizunguka. Jaribu hivi: weka kidole mbele ya pua, fumba jicho la kushoto, kisha la kulia. Kidole kinaruka, sivyo? Kinaruka kwa sababu macho yako hayako mahali pamoja. Kamera ikihama, vitu vya karibu vitaruka namna hiyo dhidi ya vitu vya mbali, na programu itachanganyikiwa. Kwa hivyo kamera ikae pale pale, wewe ndiwe uizunguke. Ukikosa kitu cha kuiegemeza, fimbo iliyochomekwa ardhini itatosha. Vilevile, usiipe kamera ruhusa ya kubadilisha mwangaza kila mara. Ukielekea jua itatia giza, ukilipa jua mgongo itatia weupe, na mwishowe mbingu yako itakuwa na mistari kama punda milia. Funga mwangaza kwanza, ndipo upige.

Kazi inayobaki ni ya kompyuta, na Hugin ina njia ya mkato ya hatua tatu: kupakia picha, kuzilinganisha na kuunda picha pana. Anayetaka kuingia ndani zaidi anaweza kuweka nukta kwa mkono wake, kunyoosha upeo wa ziwa uliopinda, au kuchagua namna ya kulitandaza duara kwenye karatasi bapa. Hilo la mwisho, kwa taarifa yako, ni lile lile tatizo la ramani tunalofundishwa katika Jiografia: huwezi kuutandaza mpira bila kitu fulani kuvutika.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Mwaka jana kikundi kimoja hapa shuleni kilitaka kuwaonyesha wazazi picha pana ya ufuo siku ya wazazi. Programu ilitoka katika saiba moja ambayo sitaitaja jina. Iliuzwa kwa shilingi mia mbili ndani ya flashi, na muuzaji aliapa kwamba ni kamili kabisa. Kumbe ilikuwa programu ya kulipiwa, iliyochokonolewa kufuli ili ionekane kama imelipiwa. Wenzetu walifanya kazi karibu muhula mzima. Jumamosi baada ya Jumamosi walishuka ufuoni kwa miguu, wakapiga, wakaleta, wakaunganisha. Siku nane kabla ya wazazi kuja, programu ikasema muda wake umekwisha na haifunguki tena. Kazi yote ilikuwa imehifadhiwa kwa namna ambayo programu ile peke yake ndiyo inayoisoma. Walirudi saiba. Muuzaji akawaambia walete shilingi mia mbili nyingine. Wazazi walipofika walikuta picha mojamoja zimebandikwa ubaoni kwa gundi, mishono wazi, na msichana aliyekuwa kiongozi wa kikundi hakutaka hata kusimama karibu na ubao. Cha kuazima hakistiri maungo, jamani, na cha wizi ndicho kabisa!

Isitoshe, kunakili programu ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001. Tunawezaje kuimba kila asubuhi kwamba wizi wa mtihani ni mbaya, kisha tukaingia katika chumba cha kompyuta na kufungua kitu kilichoibwa?

Hapa ndipo lugha yetu ya Kiswahili inapowashinda Waingereza. Wao wana neno moja tu la kitu kisicho na bei na la mtu asiye mtumwa, na kwa sababu hiyo wamebishana miaka mingi wakieleza maana ya programu za namna hii. Sisi tunayo maneno mawili: bure na huru. Nakala ya saiba, hata ukipewa bila hata senti, ni ya bure lakini haiko huru. Ina mwenyewe, ina kufuli, na siku yoyote inaweza kukufungia nje. Programu huru ni ile ambayo mwenyewe amekupa haki nne kwa maandishi: uitumie kwa kazi yoyote, uifungue usome jinsi ilivyoandikwa, umgawie mwenzako, na uibadilishe kisha ugawe hiyo uliyoibadilisha. Wazo hilo lilipiganiwa na Mmarekani Richard Stallman tangu mwaka wa 1983, na mwaka wa 1989 ikatolewa leseni maarufu ya GPL yenye sharti moja zuri: ukiigawa programu, anayeipokea apate haki zile zile ulizopata wewe. Ni kama mama anayekupa chapati na pia akakufundisha kuikanda, akikuagiza kwamba nawe usimfiche mtu namna ya kuikanda.

Msomaji anaweza kusema hayo ni maneno matamu tu. Basi asikilize kisa cha programu hizi hizi za picha. Mwaka wa 1998 mwalimu mmoja wa chuo kule Ujerumani, Helmut Dersch, alitoa programu alizoziita Panorama Tools. Zilikuwa na hesabu za kuzikunja na kuzilinganisha picha, na wapiga picha wa nchi nyingi wakazipenda. Lakini kampuni moja ya Marekani, iPIX, ikadai kwamba kazi hiyo inaingilia hataza zake. Mwalimu mmoja na kampuni nzima yenye mawakili, wapi na wapi! Dersch akaacha kazi hiyo karibu mwaka wa 2001. Kama programu zile zingekuwa za bure tu, hadithi ingeishia hapo. Lakini alikuwa amezitoa kwa leseni ya GPL, zikiwa wazi kusomwa na yeyote. Watu wengine, baadhi yao hawajawahi kuonana ana kwa ana, wakaziokota pale alipoziacha. Juu ya msingi huo Mjerumani mwingine, Pablo d'Angelo, akaanza kuijenga Hugin mwaka wa 2003, na wengi wakamsaidia. Kampuni ile ilifilisika mwaka wa 2006. Hugin ingali hai.

Tena kulikuwa na kikwazo cha pili. Njia bora ya kutafuta zile nukta za pamoja ilivumbuliwa na David Lowe wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, aliyeieleza mwaka wa 1999. Chuo kikapewa hataza yake Marekani mwaka wa 2004. Waliotengeneza Hugin hawakuiba. Walikaa, wakafikiri, na mwaka wa 2010 wakaleta chombo chao wenyewe cha kutafuta nukta kisichoingilia hataza hiyo. Hataza yenyewe ilikwisha muda mwaka wa 2020. Naona hapa kuna funzo kwetu tunaosema hatuna njia ila ya mkato. Njia ilikuwepo, ilitaka jasho.

Najua yapo maswali. Wa kwanza ataniambia, "Wee, hata simu ya mama yangu inapiga picha pana, ya nini kujisumbua na kompyuta?" Ni kweli, simu nyingi zinaweza. Unaipitisha simu polepole, nayo inajiungia yenyewe. Lakini hiyo huunga vipande vyembamba haraka haraka, mara nyingi kwa safu moja tu, na mkono ukitikisika au ng'ombe akipita, picha inapinda na huna la kuirekebisha. Kwa Hugin unapiga picha kamili kamili kwa simu hiyo hiyo ya mama, kisha unaunga kwa utulivu. Ukikosea unarudia kuunga bila kurudi ufuoni. Aidha, maelezo ya kazi yako yanahifadhiwa katika faili ya maandishi ya kawaida ambayo hata programu ndogo ya kuandikia inaweza kuifungua. Hakuna wa kukufungia. Wenzetu wa mwaka jana wangekuwa nayo hiyo, wazazi wangeona ufuo.

Wa pili atasema, "Kompyuta zetu ni za zamani na intaneti yenyewe ni ya kubahatisha." Ukishaiweka Hugin ndani ya kompyuta haihitaji intaneti tena. Inaingia katika Windows, katika Linux na katika kompyuta za Apple. Mwalimu mmoja akiipakua mara moja, inapitishwa kwa flashi kutoka kompyuta hadi kompyuta, na safari hii flashi hiyo haivunji sheria yoyote, kwa kuwa kugawa ni haki iliyoandikwa. Ni kweli kwamba kompyuta kuukuu itakwenda pole pole. Picha tisa kubwa zinaweza kuifanya ihemeke kama baiskeli ya boda boda ikipanda kilima na abiria wawili. Basi zipunguze ukubwa, au iache ifanye kazi wakati wa chakula cha mchana.

Wa tatu atasema kwamba simu haziruhusiwi shuleni. Sawa, na sheria hiyo siipingi. Lakini sisi ni shule ya kutwa! Jioni tunarudi nyumbani, na Jumamosi tuko vijijini mwetu, mmoja Kombewa, mwingine Luanda, mwingine kule Kisian karibu na maji. Wenzetu wa shule za bweni huliona ziwa wakienda likizo. Sisi twaliona kila siku. Mara nyingi tunajiona wanyonge mbele yao, kwa mabweni yao na mabasi yao. Katika jambo hili sisi ndio wenye bahati. Picha zipigwe nyumbani kwa idhini ya mzazi, ziletwe shuleni kwa flashi, zikaunganishwe mbele ya mwalimu.

Wa nne, naye huenda ni mwanachama mwenzangu wa Chama cha Kiswahili, atauliza, "Sasa Kiswahili kimeingiaje hapa?" Kimeingia kwa mlango wa mbele. Programu ya kampuni itasema lugha ambayo kampuni imeamua. Programu huru inaweza kutafsiriwa na yeyote aliye tayari kufanya kazi hiyo, bila kumwomba mtu ruhusa. Ndugu zetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walituonyesha njia: kupitia mradi wa Kilinux, mwaka wa 2004 walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyozungumza Kiswahili. Kama wao waliweza kwa programu kubwa namna ile, je, sisi tutashindwa hata kuanza kamusi ndogo ya upigaji picha? Mimi naanza hivi: pale picha mbili zinaporudiana tuite mlaliano, zile alama za pamoja tuziite nukta shirika, mahali picha zinapokutana pawe mshono, na mstari wa maji na mbingu ubaki upeo, kama ulivyokuwa siku zote. Mwenye maneno bora ayalete. Kuzozana juu ya maneno ndiyo kazi ya chama chetu.

Hata hivyo, nisizisifu programu hizi kupita kiasi. Kisu kinachokata mboga hukata na kidole. Picha pana inaweza kudanganya. Mtu akitembea wakati unapopiga, anaweza kutokea mara mbili katika picha moja, au akatokea bila miguu. Hilo ni la kuchekesha. Lisilochekesha ni mtu kulifuta kwa makusudi jaa la taka lililo ufuoni, ili Kisumu ipendeze kwenye kalenda. Ikiwa picha zetu zitakuwa ushahidi wa hali ya ziwa, basi gugu maji libaki, taka zibaki, na nyumba zilizoingiwa na maji zibaki. Kila picha pana ihifadhiwe pamoja na zile picha zake za mwanzo, tarehe, saa na jina la mahali, ili anayetilia shaka aweze kuziunga upya mwenyewe aone kama zitatoka vile vile.

Kwa hivyo napendekeza mambo haya manne, nayo si mazito. Kwanza, mwalimu wa kompyuta aruhusu Hugin iwekwe katika kompyuta walau mbili, na nakala zote za wizi zifutwe. Pili, Chama cha Kiswahili na Chama cha Jiografia vichague jabali moja hapa Maseno na sehemu moja ya ufuo, vitie alama ya rangi mahali pa kusimama, na kila mwezi wa Oktoba picha zipigwe pale pale. Tatu, picha bora ichapishwe katika jarida hili kila mwaka, hata kama ni kwa weusi na weupe, na maelezo yake yaandikwe kwa Kiswahili sanifu. Nne, kile kikundi cha mwaka jana kiombwe kiongoze kazi hii. Wao ndio waliotembea, wao ndio wanaojua ufuo, na jasho lao bado linatudai.

Nikitia nanga, nasema kwamba siombi shule yetu inunue kitu. Naomba ikubali kilicho halali, kilichotengenezwa na watu waliotaka tukitumie, nacho tukitie kwenye kazi inayotufaa. Sisi wa kidato cha tatu tutaondoka hapa karibuni. Maji ya ziwa yatapanda na kushuka sisi tukiwa mbali. Atakayesoma jarida hili miaka kumi ijayo, akikuta humu picha kumi za ufuo ule ule zimepangwa mwaka baada ya mwaka, atajua tuliona nini. Haba na haba hujaza kibaba; picha ya kwanza tuipige Oktoba hii.